Sufuria ya Kitinda

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Sufuria imefika. Kondakta wa basi ameileta mpaka mlangoni huku ananung'unika kwamba umempa mzigo wa jiwe. Nilipoifungua nililia kidogo, usinicheke. Mume wangu, unavyomjua, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, akasema hii tutawarithisha wajukuu. Halafu akapanda lori lake akaondoka, safari ya wiki tatu.

Kaka zangu wananiambia nikupigie simu badala ya kuhangaika na posta. Nikupigie ili iweje? Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jirani akaja kuuliza kama nimevamiwa, na wewe bado ulikuwa unasema "Haloo?" Masikio yako yamekwisha kwa nyundo, Baba. Tuandikiane tu.

Sasa habari yenyewe. Mimba imetimiza miezi mitatu. Hii ni ya tatu, na zile mbili hazikufika hapa. Kila nikiamka najipapasa kwanza, nikiona kitanda ni kikavu ndipo namshukuru Mungu na kuvaa viatu. Naogopa sana, sitakuficha.

Shida ni tumbo. Leo siku ya nne sijapata choo. Si jambo la kumwambia baba mzazi, najua, lakini mama hayupo na kaka zangu nikiwaambia watacheka. Nesi anasema ninywe maji. Nimekunywa mpaka nikitembea nasikia yanacheza. Kule kazini nasimama kutwa kwenye pasi ya shuka, na mvuke ule unanimaliza. Kama unakumbuka mama alifanya nini wakati wangu, niambie.

Mwanao,
Kitinda


12 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Huyo kondakta ni mvivu tangu kuzaliwa, baba yake alikuwa hivyo hivyo. Sufuria ile si jiwe. Ngoja nikueleze ujue umebeba nini.

Hizi za kuuza natia vipande vya injini, makopo, na rejeta kidogo ili madini yateleze kwenye kalibu. Ya kwako nilisema hapana, huyu ni mtoto wangu wa mwisho na ana mimba. Nikatia vichwa vya betri, si kimoja, vitatu vizima. Madini yakatulia kama mafuta ya kupikia. Hakuna tundu, hakuna kovu. Wenzangu wa karakana walikuja kuitazama mmoja mmoja, na yule jirani yangu mwenye wivu alijifanya amekuja kuazima koleo. Hakuna mwanamke mjini kwenu mwenye sufuria hiyo, labda aje aibe yako.

Kuhusu tumbo, mama yako alipokuwa na mimba yako alifunga choo siku saba, nikadhani ananitania. Dawa yake ilikuwa uji uliolala. Pika jioni, uache humo humo kwenye sufuria mpaka asubuhi uchachuke. Kamulia limau zima, kunywa bakuli mbili kabla hujatia kitu kingine kinywani. Fanya kila siku, usiruke.

Usiogope. Hii itafika, nimekwisha kusema.

Mama yako mdogo anakusalimu. Najua hutajibu salamu hizo, mimi nimezifikisha tu.

Baba yako,
Mzee Tanuru


9 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefuata dawa yako bila kuruka hata siku moja. Wiki ya kwanza nilidhani imenisaidia. Sasa nakwambia ukweli, hali si nzuri. Choo kimegoma kabisa, na juu ya hapo tumbo linanisokota, linakamata na kuachia, linakamata na kuachia. Jana nilishika ukingo wa meza ya pasi mpaka msimamizi akaniuliza kama nazaa. Nikamwambia bado, nangoja zamu ya mapumziko. Akakasirika.

Mdomoni nasikia ladha kama nimelamba funguo. Chakula sikitaki. Uji wako tu ndio unaopita, basi nimeongeza, sasa nakunywa bakuli tatu. Nesi amenitazama, akaandika kwenye kadi: hali ya kawaida ya ujauzito. Nikamuuliza, hata hii ladha? Akasema wajawazito wana mambo mengi.

Lakini sikia hili. Jumapili nimelala chali, nikahisi kitu kimenigusa kwa ndani, kidogo, mara mbili. Zile mbili hazikuwahi kunigusa. Nilicheka peke yangu chumbani. Nilitamani mtu wa kumwambia, nikaiambia sufuria.

Mwanao,
Kitinda


20 Machi

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Barua hii ni fupi kwa sababu kazi ni nyingi.

Juzi walikuja watu wa afya, watatu, na mashine ya kupimia. Wakapima sufuria za karakana nzima, wakaandika, wakaondoka zao. Si jambo la kuzungumza.

Nimekumbuka kwamba mkono wa kushoto wa sufuria yako sikuupiga vizuri. Unaweza kuchomoka ukajimwagia uji wa moto. Mfungashie kondakta airudishe, niurekebishe. Kwa sasa pikia ile yako ya zamani. Na huo uji usiulaze tena, pika na unywe siku hiyo hiyo. Limau pia acha.

Tumbo linasemaje? Nijibu upesi.

Baba yako


28 Machi

Baba,

Shikamoo. Mkono wa kushoto ni mzima, na wa kulia ni mzima. Mume wangu amerudi, akaijaza maji pomoni, akaibeba kwa mkono huo mmoja akizunguka nayo ua mzima kama mwendawazimu. Haukutikisika. Usijisumbue.

Ile ya zamani nilimpa jirani siku yako ilipofika, siwezi kwenda kumnyang'anya. Halafu, Baba, mwezi uliopita ni laza, sasa ni usilaze. Kamulia, usikamulie. Umeanza kuzeeka, au kuna mtu amekwambia kitu? Mimi bado naulaza. Ukiwa haujachacha unanitapisha.

Choo ni mara moja kwa wiki, na machozi juu. Nimekonda usoni, ila tumbo linakua, na mtoto anacheza. Hilo tu ndilo linanifanya nisimame kwenye ile pasi.

Mwanao,
Kitinda


6 Aprili

Mwanangu,

Nakuomba. Irudishe sufuria.

Nimekununulia nyingine dukani, ya kiwandani, utaipata kwa kondakta pamoja na barua hii. Ndiyo, mimi, fundi wa miaka thelathini na nne, nimeingia dukani nikanunua sufuria. Cheka, una haki. Tumia hiyo. Ile nirudishie wiki hii hii, usichelewe. Kuna mtu anaihitaji hapa. Usiniulize ni nani.

Baba yako


15 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Kuna mtu anaihitaji. Sikuulizi ni nani maana namjua. Analala kwenye kitanda cha mama, anaketi kwenye kiti cha mama, na khanga za mama sijui zimekwenda wapi. Sasa amesikia binti ametengenezewa sufuria isiyo na mfano, roho imemuuma. Na wewe, kwa kuogopa kelele za nyumbani, unanizungushia habari za mkono wa kushoto! Ungesema tu. Nisingekupa, lakini ungesema.

Sufuria yako ya dukani nimemrudishia kondakta. Mpe huyo.

Yangu nimeihamishia kazini, ili hata ukimtuma mtu nyumbani asiikute. Tunapikia nyuma, kwenye chumba cha boila. Na imepata baraka huko. Yuko binti mmoja anakunja shuka, tunamwita Kibiriti, mwembamba na mwepesi wa kuwaka. Ana miaka kumi na tisa, ana mimba iliyo nyuma ya yangu kwa mwezi mmoja, hana mama, na aliyempa mimba amepotea na namba yake ya simu. Alikuwa anakuja kazini na chai kavu. Tangu Jumatano iliyopita nampikia uji wako, bakuli zake mbili, zangu tatu. Jana ameniambia naye choo kimeanza kufunga. Tumecheka mpaka tukakaa chini, mabomba mawili yaliyoziba ndani ya kiwanda cha kufulia.

Usiniandikie tena kuhusu sufuria. Nikiona mwandiko wako sitafungua bahasha.

Kitinda


11 Mei

Kitinda,

Huyu ni mke wa baba yako. Bahasha nimeiandika kwa mkono wangu ili uifungue. Hunipendi, hilo tuliweke pembeni.

Usipikie ile sufuria. Ukiwa umeisoma barua hii kazini, inuka sasa hivi uitoe jikoni. Usimpe mtu, usimuuzie mtu.

Vile vichwa vya betri ni madini ya risasi, na risasi ni sumu. Inatoka kwenye sufuria inaingia kwenye chakula, na inatoka zaidi chakula kikiwa kichachu na kikilala humo. Inafunga matumbo, inayasokota, inaharibu damu. Kwa mwenye mimba inavuka mpaka kwa mtoto. Si maneno yangu. Wale watu wa afya walimwandikia baba yako kwenye karatasi kwa sababu hasikii. Karatasi nimeikuta jana chini ya godoro, nikigeuza shuka. Tarehe yake ni kumi na nane Machi.

Sijui kusoma sana, nimeisoma mara nne mpaka nimeelewa. Halafu nikakumbuka barua zako, maana huwa ananisomea zile sehemu za kuchekesha. Nikakumbuka habari ya ladha ya funguo.

Nimemuuliza. Hakukana. Amesema, nilitia vitatu. Akarudia hivyo hivyo, nilitia vitatu, akaenda kukaa karakana na hajala tangu jana.

Mimi sihitaji sufuria yako. Nilikuwa nazo saba za mkono wake, zote nimezitupa nje.

Nenda hospitali kubwa, si kwa nesi yule. Waambie wakupime risasi kwenye damu. Taja neno lenyewe, wasije wakakwambia ni kawaida.

Khanga za mama yako zimo sandukuni. Sijavaa hata moja.

Mama mdogo


19 Mei

Baba,

Tumepimwa, mimi na Kibiriti. Daktari alisoma majibu yangu akaniuliza nafanya kazi kwenye betri au rangi. Nikamwambia napiga pasi. Damu yangu ina risasi nyingi. Ya Kibiriti ni pungufu kidogo, lakini daktari anasema haitakiwi kuwamo hata chembe. Dawa kubwa ni kuacha kuila, amenipa vidonge vya damu, ameniambia ninywe maziwa na nirudi kila wiki mbili. Nikauliza, na mtoto? Akasema tutampima akizaliwa. Nimemuuliza tena kwa maneno mengine, akanijibu vile vile.

Nimezifungua zile barua zako mbili zilizokuwa rafuni. Ya kwanza, ya mwezi wa nne, bado unaniambia habari ya mkono wa kushoto. Ya pili ina maneno mawili tu, "Mwanangu Kitinda", halafu karatasi tupu mpaka chini. Ulilamba bahasha ukabandika na stempu. Karatasi tupu, Baba!

Nikwambie kinachoniuma. Kuitengeneza sikulaumu. Hukujua, ulitia vitatu kwa mapenzi, najua. Nakulaumu kuanzia tarehe kumi na nane Machi. Ulikuwa na kalamu. Ilikuwa ni kuandika tu: usiitumie, ina sumu. Lakini ungekuwa fundi aliyemlisha binti yake sumu, na hilo hukuliweza. Ukaona afadhali mimi niendelee kuinywa. Miezi miwili nimekunywa bakuli tatu kwa siku, na kila bakuli nilikuwa nikikuombea dua.

Ukaniacha nimtukane mama mdogo kwa kosa lisilo lake. Hilo nitalimaliza naye mwenyewe.

Kibiriti bado hajui sufuria ilitoka kwa nani. Anadhani niliinunua, ananionea huruma kwamba nilidanganywa sokoni. Jana amenipa nusu ya chungwa lake. Siwezi kumtazama usoni.

Mimi sitakusemea. Anakaa chumba cha pili nyuma ya kiwanda, mlango wa bati ya kijani. Mpaka uje umweleze mwenyewe, usije kwangu na usiniandikie. Mtoto akizaliwa utasikia kwa kaka.

Kitinda


9 Agosti, stendi ya mabasi

Mwanangu Kitinda,

Nimepata habari ya mtoto kwa kaka yako. Msichana. Nimekaa na habari hiyo siku kumi na moja.

Karakana nimeifunga tangu mwezi wa tano. Tanuru nimelivunja. Nimezunguka kwa wateja ninaowakumbuka nikiwaambia watupe sufuria zangu. Wengine wametupa, wengine wamenicheka, mmoja amefunga mlango akiamini nataka kumuuzia nyingine. Sikuandikii haya ili unisifu. Nakueleza tu nilikuwa wapi, maana kwa Kibiriti nilipaswa kwenda kwanza na nimekwenda mwisho. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Sina neno jingine.

Leo asubuhi nimefika. Mlango wa bati ya kijani. Nilibeba shali la mtoto, mama yako mdogo amelifuma. Nikabisha, akafungua. Chumba kisafi, kitanda kimoja, ndoo, shuka za watu zimekunjwa vizuri. Nikatafuta kwa macho alipolala mtoto. Hakuwepo. Nikadhani ameachwa kwa jirani. Nikanyoosha shali. Akalitazama, akatikisa kichwa, na hapo ndipo nilipojua. Hukuniambia, na sikuwa na haki ya kuambiwa.

Nikamweleza. Nilisema yote nimesimama, nani aliitengeneza, nilitia nini, nani alijua na alijua lini. Sijui nilikuwa nasema kwa sauti gani, nadhani kubwa, maana watu walitokeza kwenye milango. Alipotaka kujibu nikamwonyesha masikio. Akachukua penseli, akaandika nyuma ya risiti ya kiwanda. Ninayo hapa mkononi. Ameandika kwamba alizaa mwezi wa sita, kabla ya wakati, na mtoto alikaa siku mbili. Kwamba amemuuliza daktari kama ni sufuria, na daktari amesema hakuna anayeweza kuapa ndiyo, wala hakuna anayeweza kuapa hapana. Halafu chini yake ameuliza swali moja.

"Siku uliyojua, mimi nilikuwa nimeanza kula?"

Nilichukua ile penseli. Ningeweza kusema sikumbuki. Lakini barua yako ya Aprili nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo, naijua Jumatano uliyoanza kumpikia. Siku hiyo nilikuwa nimejua wiki tatu nzima. Na ni mimi niliyekufanya uipeleke sufuria kazini, kwa ule uongo wangu wa mtu anayeihitaji.

Nikaandika "Hapana."

Akasoma. Hakulia, hakunitukana. Alivuta rundo la shuka akaanza kukunja upya zile ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Hakuinua uso tena. Nikatoka.

Nimefika kwako. Nimeona nepi kwenye kamba. Nikainua mkono kubisha hodi, mkono ukakataa. Nimerudi hapa stendi. Mama mmoja anayeuza maji amekubali kukuletea karatasi hii. Basi linaondoka saa kumi na moja. Sikuombi kitu. Nimetaka ujue kwamba nimekwenda na kwamba nimemjibu kweli.

Baba yako


9 Agosti

Baba,

Nimeisoma. Sijakusamehe. Kibiriti naye hajakusamehe, alikuja hapa kabla ya huyu mama wa maji, akakaa kitandani kwangu akimtazama mtoto, akaondoka.

Mtoto ni mdogo kuliko inavyotakiwa. Ananyonya kwa hasira. Walimpima siku ile ile aliyozaliwa wakaikuta risasi na kwake. Kesho saa mbili asubuhi wanamtoa damu tena. Mshipa wake hauonekani, wanatafuta na sindano, na lazima mtu amshike kwa nguvu asitikisike. Mara ya kwanza nilimwachia, nikakimbilia nje. Mume wangu yuko safarini.

Usipande basi. Kesho utamshika wewe.

Kitinda